Nazi ya Uchumba na Macho ya Ba

Tangu nirudi Mombasa haijapita siku bila mmoja wenu kunisukumia ile picha kwenye simu na kuniuliza: huyu mwanamume ni nani, mbona umevaa sari nyekundu, na yule bibi wa buibui nyuma yenu analilia nini? Nimechoka kusimulia kipande kipande dukani, mteja ameketi mbele yangu na fremu ya kupimia puani. Basi nimekaa Jumapili nzima nikaandika yote. Mambo ya viza na tiketi nimeyaacha, hayana ladha. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Kwanza mjue uongo wangu. Ba, yaani bibi yangu mzaa mama, anaishi Maskati kwa mwanawe, Mjomba Kishor, tangu alipofiwa na babu hapa Mombasa. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Mimi kazi yangu ni kupima watu macho na kuwauzia miwani, najua mtoto wa jicho akiachwa akakomaa ni taabu. Ba alikataa upasuaji. Kila nikimpigia simu hunijibu, "Nifunguliwe macho nione nini? Mjukuu wa miaka thelathini na minne hana hata mchumba. Afadhali nisione."

Siku Mjomba aliponiambia Ba amejigonga kwenye mlango wa kabati akapasuka paji la uso, niliingiwa na hofu nikasema lililonijia mdomoni. Nikamwambia, "Ba, nina mtu. Yuko huko huko Maskati, na ni Mgujarati kama sisi. Kubali upasuaji, nami nakuja umwone."

Ba akasema, "Njoo na nazi ya mnazi wetu wa nyuma ya nyumba."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nikifika ningesema mtu wangu ametumwa jangwani kikazi, mahali pasipo na mtandao. Upasuaji ungefanyika, kisha yeye na mimi tungekosana kwa simu.

Mombasa hadi Nairobi: nazi mbili mkobani

Mama alimwita mkwezi zikaangushwa nazi mbili, moja ya Ba na moja ya akiba. Hakukubali zitiwe kwenye sanduku, ati wapakia mizigo wanarusha vitu. Zikaingia kwenye mkoba wangu wa mkononi pamoja na thepla, zile chapati zetu za majani ya uwatu, za kunitosha mimi na mtaa mzima.

Ndani ya ndege niliketi na bwana mmoja wa makamo ambaye aliziona nazi nilipokuwa natafuta kalamu. Akaniuliza kama huko niendako hakuna nazi. Nikamwambia zipo. Akaniuliza kama hizi ni dawa. Nikamwambia kwa namna fulani, ndiyo. Kuanzia hapo hakunisemesha tena, na kiwiko chake alikiondoa kabisa upande wangu.

Saa saba za kusubiri

Tulibadilisha ndege katika mji mmoja wa Ghuba. Kwenye ukaguzi wa mikoba, askari alitazama kioo chake, akanitazama mimi, akakitazama tena kioo. Akazitoa nazi. Akaitikisa ya kwanza sikioni.

"Kuna kimiminika," akasema kwa Kiingereza.

"Ni nazi," nikamwambia.

"Kimiminika kimezidi kipimo."

Nikamweleza kwamba nazi haina kizibo. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi zaidi. Katika kuvutana, ya pili ikateleza mezani, ikadunda, ikaanza safari yake peke yake katikati ya ukumbi. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Mungu wangu, mama atanichinja leo!"

Ilisimamishwa na kiatu cheusi cha kazi. Mwenye kiatu akainama akaiokota, akaniletea.

"Dada, pole. Nazi yako hii?" Kiswahili safi, cha bara. Nikamwangalia: Mhindi kama mimi, mrefu kiasi, shati limekunjamana, macho ameyafinya kana kwamba anatazama jua. Jina lake Nilesh, Mgujarati mzaliwa wa Mwanza, fundi wa lifti Maskati, alikuwa anarudi kazini baada ya likizo. Alisimama upande wangu akatetea nazi kwa Kiingereza, kwa Kihindi na kwa Kiarabu cha kazini, mpaka akaitwa mkubwa wa zamu. Mkubwa alizitikisa zote mbili kwa zamu, amefumba macho. Iliyolia maji mengi ikachukuliwa. Ile iliyotembea ukumbini ikapita.

Kisha tukaambiwa Maskati kuna vumbi, ndege haziruki. Saa saba tuliketi kwenye viti vya chuma. Tulipewa mikate ya kuku, na kwa kuwa mimi sili nyama Nilesh alikula wake na wangu, kisha akanisihi, "Aisee, usimwambie mtu. Kwetu hawajui." Juu ya hiyo akala thepla nane za mama. Nilimwona anausogelea ubao wa safari mpaka pua inakaribia kuugusa, nikamuuliza mara ya mwisho alipimwa macho lini. Akasema macho yake ni mazima, maandishi ya siku hizi ndiyo madogo.

Nilimsimulia habari za Ba na yule mchumba wangu wa jangwani. Alicheka hadi wenzetu wakageuka. Mimi pia nilicheka, na nilijisikia mwepesi, maana hadi wakati huo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Maskati: mlango wa kutokea

Tulitua alasiri. Kitoroli changu kilikuwa na gurudumu bovu, kinakwenda upande, kwa hivyo Nilesh akanisaidia kukisukuma. Hilo tu. Mwanamume kasukuma kitoroli.

Mlangoni walikuwa watatu. Mjomba Kishor kanyoosha simu anapiga video. Mkewe Kalpana, ambaye sisi kwa Kigujarati tunamwita Mami, ameshika shada la maua mkono mmoja na boksi la penda mkono wa pili. Penda ni vile vitamutamu vyetu vya maziwa. Na Ba, kwenye kiti cha magurudumu, uso ameuelekeza kwenye nguzo.

"Ni yeye!" Mami akapiga kelele. "Amekuja naye! Wamesafiri pamoja!"

Nilesh alifungua kinywa aseme. Mami akakitia penda. Alipojaribu kukitafuna haraka, akamtia cha pili. Mjomba alikuwa amekwisha kumkumbatia, na Ba akanyoosha mikono hewani, anautafuta uso wake. Nilesh, mashavu yamevimba, ikambidi apige magoti. Ba akampapasa paji, pua, kidevu, kisha akavishika vile viganja vya fundi akavinusa.

"Mafuta ya mashine," Ba akasema kwa Kiswahili chake cha Mombasa. "Mtu wa kazi huyu. Mwanangu, umenichelewesha sana." Na akalia. Nilesh akameza, akanitazama, kisha akamfuta Ba machozi.

Kwenye maegesho tulijitenga kidogo, ati anapakia masanduku.

"Dada Jigna," akaninong'oneza, "mimi nilikuja kusukuma mizigo."

"Najua. Upasuaji ni Jumapili. Nisaidie mpaka Jumapili tu. Ijumaa watakupa nazi, ndiyo uchumba wenyewe. Mimi nikisharudi Mombasa, wewe uirudishe. Kwa ukoo wetu nazi ikirudi nyumbani kwa mwanamke, uchumba umekwisha. Hakuna ugomvi, hakuna maswali."

"Kwetu Mwanza hurudishwa pete."

"Kwetu ni nazi."

Akamgeukia Ba, ambaye Mjomba alikuwa anamfundisha mlango wa gari ulipo. "Sawa," akasema. "Kwa ajili ya bibi."

Azaiba: karaki na mazoezi

Jumatano Mami alitaka kununua vitu vya Ijumaa kwenye mtaa wa Azaiba, na Nilesh akajitolea kutupeleka kwa gari lake. Wachumba hawaachwi peke yao, kwa hivyo Mami alikaa nyuma na mifuko. Tulisimama mbele ya kibanda cha chai, mwenye kibanda akatuletea karaki dirishani, ile chai ya maziwa na iliki, nzito mpaka inashika mdomo. Mami ni mzaliwa wa Rajkot, Kiswahili hajui hata neno. Tukafanya mazoezi papo hapo mbele yake.

"Jina la baba yako?" nikamuuliza kwa sauti ya huba.

"Vinod. Ana kisukari," akanijibu, naye amelegeza macho.

"Mama?"

"Sharda. Anaogopa paka. Wewe je, wachukia nini?"

"Kuulizwa nitaolewa lini."

Mami alishusha pumzi huko nyuma. "Lugha tamu kweli," akaniambia kwa Kigujarati. "Hata bila kuelewa, moyo unaelewa."

Nilimwonyesha Nilesh bango la duka ng'ambo ya barabara nikamwambia asome. Akaniuliza bango lipi. Nikamwambia lile kubwa, la mapazia. Akasema miaka mitatu yote alidhani pale panauzwa vipuri vya magari. Nilicheka nikamwaga karaki mapajani, naye akanifuta na leso yake kisha akakumbuka Mami yupo, akaifuta dashibodi vilevile ili isionekane tofauti.

Mchana tulikula kwa Mjomba, Al Hail. Mami akatuuliza tulikutana wapi. Hilo tulikuwa hatujalifanyia mazoezi.

"Dukani kwangu," nikasema.

"Kwenye lifti," Nilesh akasema, kwa wakati uleule.

"Lifti ya jengo lenye duka langu," nikawahi.

"Duka lako si liko chini?" Mjomba akauliza.

"Nilikuwa nashuka," akasema Nilesh.

Mami akamuuliza kama ni kweli hali nyama. Akajibu kwamba hata harufu yake haivumilii. Nikapaliwa na dengu, nikapigwa mgongoni na watu watatu.

Likabaki jambo moja. Mjomba alisema uchumba haufungwi mpaka mwanamume awe na mkubwa wake wa kupokea sinia lenye nazi, na wazazi wa Nilesh wako Mwanza. Nilesh akafikiri kidogo, akasema anaye mtu. Amepanga chumba cha uani Al Khoudh, kwa bibi mmoja Mwomani mwenye asili ya Zanzibar, Bi Zuwena, mjane, na yeye ndiye mama yake wa huku. Ba alifurahi kusikia kuna mtu wa Unguja. Nilesh hakumwambia Bi Zuwena kwamba ni mchezo. Alijaribu, akaniambia baadaye, lakini alipotaja neno "mchumba" tu bibi alianza kulia kwa furaha, basi yakamkwama.

Al Hail, Ijumaa: sinia linakwenda

Nilivaa sari nyekundu ya Ba. Bi Zuwena alikuja na buibui lenye nakshi za fedha, udi umemtangulia mlangoni, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Mashallah! Kumbe ndiwe weye? Na huyu mwanangu siku zote nnamuuliza, hana jibu!"

Aliketi na Ba. Baada ya dakika kumi walikuwa wameshikana mikono, wanajadili bei ya khanga miaka ya ujana wao. Ba hakumwona hata kidogo, lakini alikuwa anacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Moyoni niliona aibu. Mwanamke wa watu amekuja na furaha yake yote, na sisi tunamfanyia maigizo.

Adhana ya alasiri ikasikika. Bi Zuwena akasema, "Nna udhu wangu tayari, nionyesheni kibla tu." Mami akampeleka chumba cha ndani akamfungia mlango apate utulivu. Mjomba, ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kuhutubu akaiacha, akaona huo ndio wakati. Akasimama akaeleza desturi yote: nazi, uzi mwekundu, sukari guru na mbegu za giligilani, rupia moja ya zamani aliyopewa Ba siku ya uchumba wake mwenyewe. Nazi itunzwe kwao mwanamume mpaka siku ya harusi. Ikirudi kabla, tumeachana. Alieleza vizuri sana. Na mtu pekee aliyehitaji kuelezwa alikuwa anasali.

Aliporudi, Ba alimkabidhi Nilesh sinia la shaba, Nilesh akampa Bi Zuwena, na Bi Zuwena akapiga vigelegele hadi Mami akaangusha simu. Halafu akalia. Hapo ndipo picha yenu ilipopigwa. Nilesh aliinama kugusa miguu ya Ba, naye Ba akamwekea mkono kichwani akauacha hapo muda mrefu. Nilitamani iwe kweli. Nikajikemea, nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Al Hail, Jumamosi: sinia linarudi

Kesho yake mchana kengele ililia. Alikuwa Nilesh na Bi Zuwena, na lile sinia letu la shaba, juu yake bakuli kubwa limefunikwa, na kando mahamri bado ya moto.

"Nimesema siwaletei kitu cha sufuria ya nyama," Bi Zuwena akamwambia Mami, nami nikatafsiri. "Sufuria mpya hii, nimeinunua jana Azaiba. Karatasi ya bei nimeiwacha khasa, huyu mwanangu shahidi." Na kweli alikuwa ameipiga picha.

Alipofunua bakuli, Ba aliinua kichwa. "Mbaazi," akasema. "Mbaazi za nazi. Nani ameileta Mombasa hapa?" Mami hupikia tui la boksi, na Ba kwa miaka mingi amelila kimyakimya. Alikula sahani nzima kwa kuchovya hamri, akaomba nyingine. Mjomba akala. Mami akala. Mimi nikala na nilikuwa karibu kulamba kidole, pale Mami alipolitazama sinia kwa makini.

"Rupia hii hapa," akasema taratibu. "Uzi mwekundu huu hapa. Nazi iko wapi?"

Nilijua kabla sijatafsiri. Nilimtazama Nilesh, naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Nazi?" Bi Zuwena akatabasamu. "Si hiyo mnaila! Nazi nzuri ya watu, ikae kabatini mpaka ioze? Nikaivunja, nikaikuna. Rupia yenu nikaona ya thamani, nimekurejesheeni. Kwetu sie sinia la watu halirudi tupu."

Mjomba alisimama, uso umemwiva. "Imerudi," akasema. "Siku moja haijaisha, nazi imerudi, rupia imerudi, uzi umerudi. Wametukataa."

"Na wametupikia!" Mami akasema, na kijiko bado mkononi.

Nikamweleza Bi Zuwena. Masikini ya Mungu, alijishika kifua. "Mimi? Mimi nivunje uchumba wa mwanangu? Wallahi nilikuwa kwenye sala, hakuna alonambia!" Machozi yakamtoka, safari hii si ya furaha, na mimi nilitaka sakafu inimeze.

Ba akaweka sahani chini. "Basi," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho siendi hospitali. Wapigieni simu." Kisha akaita, "Jigna," akaligeukia friji.

Nilikwenda nikasimama mbele ya friji, ili uso wake uwe umenielekea.

"Mtu huyu wamtaka?"

Jamani, nisikilizeni. Tangu nifike miaka ishirini nimeulizwa kimo, rangi, kisomo, nyota, kama najua kukunja chapati, kama nitafunga duka. Hilo la Ba hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafungua mdomo nidanganye kwa ajili ya macho yake.

"Namtaka, Ba," nikasema.

Mimi nikidanganya sauti hutetemeka, mama anajua, wote mnajua. Haikutetemeka. Nilishtuka mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Basi Kishor, keti," Ba akasema. "Nazi ya kukataliwa hurudi nzima. Hii tumeila, sisi na wao, chungu kimoja. Wewe umekula sahani ngapi?"

"Mbili," Mjomba akakiri.

"Utazitapika?"

Mjomba akaketi. Ba akapapasa mpaka akaupata mkono wa Bi Zuwena, akauweka mapajani pake, akaomba hamri jingine. Mami akalia, akafuta machozi, akauliza mbaazi zinalowekwa kwa muda gani.

Nilimsindikiza Nilesh hadi kwenye gari. Bi Zuwena alikuwa amekwisha kuingia, anajipepea.

"Umeigiza vizuri sana," Nilesh akaniambia, macho chini. "Hata mimi nimeamini."

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikasema, "Asante." Kwa hilo nilijilaumu usiku kucha.

Hospitali: jicho la kwanza

Jumapili tuliambiwa tuwe hospitali asubuhi, Ba akaingizwa chumba cha upasuaji adhuhuri. Wao hufanya jicho moja moja, la pili baada ya wiki kadhaa. Nilesh aliomba ruhusa kazini akaja. Katika kusubiri nikamkamata mkono nikampeleka kwa wapimaji wa macho wa pale, nikajitambulisha kuwa wa kazi hiyohiyo, wakampima. Alitoka na karatasi ya vipimo kama mtu aliyepewa hukumu, mimi nikaitia mkobani.

Jumatatu bandeji ilifunguliwa. Ba alipepesa jicho, akamtazama Mami. "Kalpana, haya mapazia unayosema ya rangi ya maziwa ni ya waridi," akasema, maana tulikuwa tumemwonyesha picha za sebule. Akamtazama Nilesh. "Nilidhani mrefu zaidi." Kisha akanitazama mimi, kwa muda, mpaka nikaanza kuona haya.

"Una mvi," akasema.

"Tangu mwaka juzi, Ba."

"Na mimi sikuziona." Alivuta kichwa changu kifuani pake. "Nilikuwa nakugombeza, na mwenyewe sikuoni." Nililia pale mbele ya wauguzi wote, na sijali.

Kurudi

Jumanne Nilesh alinipeleka uwanja wa ndege. Njiani tuliongea habari za lifti. Tulipofika, akatoa kwenye kiti cha nyuma bakuli la kauri lenye maua ya samawati, limejaa visheti. "Bi Zuwena amekutumia. Amesema bakuli analipenda, lirudi."

Nyuma yetu gari lilipiga honi. Nikashuka, nikafunga mlango, kisha nikaufungua tena.

"Nilesh, Jumamosi sikuigiza."

Honi ikapigwa tena. Nilesh akazima injini.

"Mimi hata sijui kuigiza," akasema. "Si uliniona siku ya kwanza na penda mdomoni? Basi uigizaji wangu wote uliishia pale."

"Sasa mbona uliniambia nimeigiza vizuri?"

"Nilitaka uniambie siyo. Ukasema asante!"

Dereva wa nyuma alishuka aje atugombeze, akaniona nalia na kucheka na bakuli kifuani, akarudi garini mwake.

Ndege ya kurudi haikuchelewa hata dakika moja. Kwenye ukaguzi ule ule, askari alifunua bakuli, akatazama visheti, akaniuliza kama kuna kimiminika. Nikamwambia safari hii hapana. Akachukua kimoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bakuli la Bi Zuwena liko juu ya kabati la dukani, mmeliona wote na mkadhani la kuuza. Sinia la watu halirudi tupu, na bakuli vilevile: ndani yake nimetia miwani ya Nilesh, fremu nyeusi, lenzi nimezikata mwenyewe.

Jana Mjomba alinipigia, amechanganyikiwa. Hospitali imetoa siku ya jicho la pili na Ba amekataa. Nikaomba nipewe Ba, tayari nimekasirika. Alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Hili moja lanitosha kwa uchumba," akaniambia. "La pili nitalifungua kwa harusi. Wewe ndiye mjuzi wa macho, Jigna. Panga tarehe, usije ukasema nimelichelewesha mimi."

Nimeshapanga. Mkwezi anakuja kesho asubuhi, na mara hii nazi zinaingia kwenye sanduku.